Bibi Harusi Asiyecheka: Safari Yangu ya Kwenda Kuhojiwa London

Tangu nirudi kutoka London sijapata Jumapili ya kupumua. Ibada ikiisha tu, kabla sijafika kwenye meza ya chai, mtu ananivuta kando: "Neema, hebu tuambie, ilikuwaje?" Nikianza kueleza, rafiki yangu Nyambura ananikatiza na kueleza yeye, na ukimsikiliza utadhani ndiye aliyehojiwa. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja, mahali ambapo Nyambura hawezi kunikatiza. Habari za fomu nitaziruka. Zilikuwa nyingi, nyingine nilizijaza huku nalia, na hakuna anayezihitaji.

Bordesley Green, mbele ya ubao wa pasi

Kwa wasionijua vizuri: mimi na mume wangu Mugisho ni watu wa Uvira. Tulijuana katika kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania, na huko ndiko nilikosomea Kiswahili hiki ninachoandika. Yeye alipelekwa Amerika. Miaka ikapita, nami nikaletwa Birmingham. Alipopata uraia wa kule alinifuata, tukafunga ndoa Newtown, hapa hapa Birmingham, tukakaa pamoja siku kumi na mbili, akarudi kazini kwake. Tangu siku hiyo miaka miwili imekwisha, na ndoa yetu imekuwa ya kadi za simu za kukwangua.

Sasa ubalozi wa Amerika ulioko London ulikuwa umeniita. Afisa akiamini kwamba ndoa yetu ni ya kweli, ningepata viza ya kwenda kuishi na mume wangu, na nikifika huko ndiyo kadi ya kijani. Asipoamini, basi. Siku kumi na mbili zingebaki kuwa ndoa yangu yote.

Nyambura ni nesi, Mkenya wa Nyeri, jirani yangu hapa Bordesley Green, mlango wa tatu. Aliposikia habari hii aliichukua kama zamu yake ya kazini. Kila jioni kwa wiki tatu alisimamisha ubao wa kupigia pasi katikati ya jikoni langu, akakaa upande mmoja kama afisa, akaniweka upande wa pili.

"Mswaki wa bwanako ni wa colour gani?"

"Sijui, yaya," nilisema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Nilikuwa namwangalia yeye, sikuangalia mswaki."

"Umefeli. Next! Analala side gani ya kitanda?"

"Kitanda kilikuwa kidogo. Alilala popote."

"Aki Neema, utanimaliza." Akaandika kitu kwenye daftari lake, na mpaka leo amekataa kunionyesha aliandika nini.

Asubuhi ya kuondoka, Maman Sifa alikuja kutoka Newtown kuniletea chakula cha njiani: mikate ya kukaanga, na ndagala wakavu, dagaa wa kwetu, aliowakaanga kwa pilipili, wamefungwa kwenye karatasi mbili na mfuko mmoja. Mama yangu mzazi alifia njiani tulipokuwa tunakimbia vita, na siku ya harusi Maman Sifa ndiye aliyesimama mahali pake. Alinishika mabega, akaomba sala ndefu kwa Kiswahili na ya kumalizia kwa Kifaransa. Nyambura alisimama mlangoni akitazama saa.

Digbeth, na barabara ile

Nimekaa Birmingham miaka minne na mbali kabisa nilikokuwa nimefika ni Tyseley, kwa kazi ya usafi. Nilijua mji unaisha mahali fulani, ila sikuwa nimeona unapoishia. Basi letu la safari ndefu, ambalo huku wanaliita kochi, lilipotoka kituo cha Digbeth nilibandika uso kwenye kioo nikakiona kila kitu: nyuma za nyumba, nguo zilizoanikwa, mfereji wenye maji meusi, halafu ghafla malisho ya kijani hadi macho yanaposhindwa, na ng'ombe wanene ambao hakuna anayewachunga. Niliuliza mwenye ng'ombe wale yuko wapi. Nyambura alisema yuko nyumbani anaangalia televisheni. Kwa maili kadhaa niliifikiria nchi ambamo mtu anaacha ng'ombe peke yao kando ya barabara, akirudi jioni anawakuta.

Na barabara yenyewe! Magari yanakwenda njia tatu, mengine yanarudi njia tatu, hakuna anayepiga honi, hakuna kizuizi, hakuna mtu anayekusimamisha aone karatasi. Mimi nimesafiri sana maishani mwangu, lakini safari zangu zote zilikuwa za kuhesabu vizuizi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nyambura aliniambia nipunguze volume.

Baada ya saa moja na kitu, magari yote ya mbele yetu yaliwasha taa nyekundu, na sisi tukasimama.

Tumekwama

Dereva alitangaza kwamba lori limepinduka mbele na kwamba tutasubiri. Hakuna aliyegomba. Watu walifungua magazeti na kukaa kimya, jambo ambalo nalo lilinishangaza. Saa ya kwanza ikaisha. Katika saa ya pili njaa ilitushinda, Nyambura akatoa mayai ya kuchemsha, nami nikafungua ndagala wa Maman Sifa.

Mnaijua harufu ya ndagala. Kochi lilikuwa limefungwa madirisha yote. Mtu wa kiti cha mbele aligeuka, wa nyuma akakohoa, na mama mmoja akamwuliza dereva kama kuna kitu kinaungua. Niliona aibu, nikaanza kufunga. Lakini mzee mmoja Mzungu, aliyekaa ng'ambo ya njia ya kati ya viti akiwa na kofia mapajani, aliinama na kuuliza ni samaki gani wale wadogo. Nikampa mmoja. Akamla na kichwa chake, akafuta machozi ya pilipili, akaomba mwingine. Alituambia kwamba alifanya kazi ya vyuma Tyseley maisha yake yote na kwamba tangu mkewe afariki hakuna aliyempa chakula kwa mkono. Tulimpa mikate pia.

Muda bado ulikuwepo, kwa hiyo Nyambura akasema nitoe albamu ya harusi ili tupange maneno. Aminini msiamini, katika wiki tatu za mswaki na kitanda hakuwa ameiangalia albamu hata mara moja. Harusi yenyewe aliikosa kwa sababu ya zamu. Alifungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akaenda mpaka mwisho, akaanza tena.

"Haki ya Mungu, Neema. Hii ni harusi ama ni kesi?"

"Ni harusi."

"Mbona umenuna hivi? Hapa umenuna. Hapa unakata keki kama mtu anakata kuni. Na huyu bwana naye, amekosewa na nani?"

Kabla sijajibu, mzee wa ndagala alinyoosha shingo, akaziangalia picha, akavua miwani. Akaniwekea mkono begani kwa upole mkubwa. "Pole sana, binti yangu," alisema. "Ni nani aliyefariki?"

Nyambura alinitazama. Nami nilimtazama yeye, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli kweli.

Wenzangu wa Kongo mnajua, lakini Wakenya na Watanzania wanaosoma hapa huenda hawajui. Kwetu bibi harusi hacheki. Anatoka kwa mama yake, anaacha nyumba iliyomlea; akionyesha meno atakuwa anawaambia wazazi kwamba amefurahi kuwakimbia. Maman Sifa aliniambia asubuhi ile ya harusi, akinifunga kitambaa: "Usicheke, mama. Hata kidogo. Batu batasema hatukukulea." Sikucheka. Nilifanya vizuri sana hata wamama wa kanisa walinisifu. Wala sijawahi kufikiri kwamba mtu asiye wa kwetu angetazama uso ule na kuona mwanamke anayepelekwa kwa nguvu.

"Huyo consul ataona hivyo hivyo," Nyambura alisema. "Atasema umeuzwa. Ama ni ndoa ya karatasi, mmeonana siku hiyo tu. Toa hizo."

Tukazitoa. Barabara imesimama, mzee anasaidia kushika zile tulizozimaliza, na Nyambura anachomoa picha moja moja kutoka kwenye mifuko yake ya plastiki. Kila picha yenye uso wangu ilitoka. Nyambura alitaka kuziweka katika mkoba wake, akasema nikiulizwa niseme studio iliharibu filamu. Sikuweza kuziachia. Nilizifunga kwenye bahasha na kuiweka mfuko wa ndani wa koti.

Magari yalipoanza tena kutembea, nilikuwa na albamu yenye keki, mchungaji, watoto wakicheza, na mkono mmoja uliovaa pete.

Asubuhi, London

Tulilala kwa binamu ya Nyambura, na asubuhi tukashuka chini ya ardhi kupanda treni. Nitasema ukweli: niliposimama mwanzoni mwa ile ngazi inayotembea na kuona inavyoshuka, watu wamesimama juu yake wakisoma vitabu, nilishika ukuta kwa mikono miwili. Watu walijipanga nyuma yangu. Mwanamke mmoja wa Kisomali, ambaye sitamjua jina milele, alinishika kiwiko na kuniambia kwa Kiswahili cha Mombasa, "Weka mguu, mamii, usitazame chini." Alijuaje kwamba nitamwelewa? Tulipofika chini alikuwa ameshapotea katika watu.

Ubalozi ni jengo kubwa lenye ndege wa dhahabu juu yake, amekunjua mabawa. Nje palikuwa na polisi wenye bunduki ndefu. Kwa muda nilisahau niko wapi. Wanaume wenye bunduki nimewaona, na mwili wangu unajua la kufanya: unataka kukimbia kabla akili haijaamua. Nilisimama tu. Mmoja wao akanikaribia na kusema, "Habari ya asubuhi, bibi. Una miadi?" Akaiangalia barua yangu, akaninyooshea mkono niende mbele. Bunduki ilikuwa pale pale kifuani kwake na sauti yake ilikuwa ya upole. Niliingia nikigeuka kumtazama tena.

Nyambura hakuruhusiwa kuingia. "Tabasamu!" alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya uzio. "Onyesha meno!"

Ukumbini

Nilikaa saa tatu. Nilikuwa nimedhani kwamba shida hii ya kuthibitisha ndoa ni yangu na ya Mugisho. Kumbe ukumbi mzima ulikuwa umejaa watu wenye albamu mapajani. Mhindi mwenye albamu nyekundu ya kitambaa. Msichana Mwingereza, tumbo lake limeshaanza kuonekana, mwenye picha ndani ya bahasha ya duka. Mzee wa Kijamaika aliyevaa suti ya rangi ya maziwa alikuwa na picha moja tu ndani ya fremu, na alikuwa akiipangusa kwa leso kila baada ya dakika chache. Kila mmoja amebeba mapenzi yake kuja kumwonyesha mgeni nyuma ya kioo. Nilijiona mdogo, na pia sikujiona peke yangu. Sikumbuki mahali pengine popote duniani nilipowahi kuketi na watu wa kila taifa, wote tukitaka kitu kile kile.

Wakaita namba yangu.

Dirishani

Afisa alikuwa kijana mwenye madoadoa usoni. Aliniambia niinue mkono wa kulia niape kwamba nitasema kweli. Niliinua. Hakuna aliyekuwa amenitayarisha kwa hilo. Ubao wa pasi haukuwa na kiapo.

Akauliza tulikutana wapi. Nikajibu. Akauliza Mugisho anafanya kazi gani. Nikasema anakata nyama kiwandani, anaumwa bega la kushoto. Hakuuliza mswaki. Halafu akasema, "Naomba nione picha za harusi."

Alifungua albamu polepole, kila ukurasa. Niliona jicho lake likisimama kwenye mifuko mitupu.

"Bibi," alisema, "wewe uko wapi katika harusi hii?"

Nikaonyesha ule mkono wenye pete.

"Naona. Na picha nyingine? Nani amezitoa?"

Neno la Nyambura lilikuwa tayari mdomoni: studio, filamu. Lakini mkono niliouinua dakika kumi nyuma ulikuwa bado unaniwasha. Nikatoa bahasha kwenye koti, nikapitisha picha zote chini ya kioo. Nikamwambia: nimezitoa mimi, jana, ndani ya kochi, kwa sababu mzee mmoja alidhani ni msiba na niliogopa nawe utadhani hivyo.

Alizipanga mbele yake kama karata. Nyuso zangu kumi na saba, zote zimenuna. Hakucheka. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Je, kuna mtu aliyekulazimisha?"

Kiingereza changu mnakijua. Nilijaribu. Nilimwambia habari ya bibi harusi wa kwetu na mama yake. Akauliza kama mama yangu alikuwepo. Nikasema hapana, mama yangu yuko chini ya udongo, kando ya njia ambayo siwezi kuirudia. Akauliza, sasa kama hakuwepo, nilimnunia nani? Hakuuliza kwa ubaya; alitaka kujua. Nikamwambia nilimnunia yeye huyo huyo. Ni heshima ya mwisho niliyokuwa nayo ya kumpa. Na nikamwambia jambo ambalo hata Maman Sifa halijui: siku ile nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa nitaharibu. Nilikuwa nauma shavu kwa ndani tangu kanisani mpaka keki, na jioni sikuweza kula kwa sababu ya kidonda. Mugisho aliponiangalia naye alikuwa anauma lake.

Kijana alinyanyuka, akaondoka na picha zangu. Alirudi na mwanamke mtu mzima, mvi zimekatwa fupi, miwani imening'inia kwa mnyororo. Mwanamke huyo aliinama juu ya picha, akawa anazigusa kwa kidole moja baada ya nyingine. Nilimwona midomo yake ikitembea kama anahesabu.

Kisha akaigeuza moja na kuibandika kwenye kioo niione. "Angalia mkono wako wa kushoto," alisema.

Niliangalia. Uso wangu ulikuwa chini, mgumu kama tulivyozoea. Lakini mkono wangu wa kushoto, kule chini karibu na shada la maua, ulikuwa umeshika upindo wa koti la Mugisho. Umeshika hasa, kitambaa kimekunjamana ndani ya ngumi. Akabandika ya pili. Mkono ule ule, koti lile lile. Ya tatu, tunakata keki: mmoja uko kwenye kisu, mwingine koti. Zote. Hakuna picha hata moja ambayo nilikuwa nimemwachia.

Mimi nimezitazama picha zile kwa miaka miwili, karibu kila siku, na sikuwa nimeuona mkono wangu. Uso nilifundishwa kuutunza. Hakuna aliyenifundisha kuutunza mkono.

"Hulazimishwi kumshika mtu hivi," yule mwanamke alimwambia kijana, akaenda zake. Hakuniaga. Nilitaka kumwita nimshukuru lakini sikujua jina lake.

Kijana aligonga muhuri mahali, akanirudishia picha zote zikiwa zimepangwa vizuri, akasema viza yangu imekubaliwa. Nililia na kucheka palepale, kwa pamoja, meno yote nje, mpaka mzee wa suti ya maziwa akaniletea leso yake.

Kurudi

Nyambura alikuwa kwenye benchi, anamenya yai la mwisho. Nilipomwambia, aliruka na kuangusha yai. Nilipomweleza habari ya bahasha alishika kichwa: "Ulitoa? Zote? Wewe mwanamke una moyo!" Halafu akataka kuona mkono. Aliuangalia picha kwa picha, akazirudisha mwenyewe kwenye mifuko ya albamu, akasema twende tutafute simu.

Nilimpigia Mugisho kutoka kibandani. Kwake ilikuwa alfajiri, anajiandaa kwenda kazini.

"Banasema nini?" aliuliza.

"Bamekubali."

Nikadhani kadi imekwisha. Kisha akasema, "Rudilia." Nikarudia. "Rudilia tena." Nilirudia mara nne, na kila mara sauti yake ilikuwa ndogo zaidi.

Kochi la kurudi halikukwama hata kidogo. Tulipofika tulipanda basi moja kwa moja hadi Newtown, maana Maman Sifa alikuwa ameniambia nisilale bila kumwona. Nyumba ilikuwa imejaa. Nyambura alitangaza kutoka mlangoni, wamama wakapiga vigelegele, mtu akaanza wimbo, watoto wakarukaruka juu ya viti.

Maman Sifa hakupiga kigelegele. Alizima jiko, akaja akaketi, akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia wiki tano.

"Bon," alisema. Alilainisha kitenge chake magotini. "Siku ile tulifanya fête tu, karamu tu. Bwana alienda, weye ukabakia na siye. Sasa njo unaolewa kweli."

Wimbo ulikatika. Sijui kama wengine walimsikia au waliona tu uso wangu. Nilikuwa nimeomba miaka miwili ruhusa ya kwenda kwa mume wangu, na katika miaka yote hiyo sikuwa nimefikiri kwamba kuna mtu ninayemwacha. Nilikaa chini miguuni pake, nikaweka kichwa mapajani mwake, na hakuniambia nikaze uso. Watoto wake wadogo walisimama mbele yetu wakiuliza kwa Kiingereza kama Amerika ni mbali kuliko London.